Gari yenye nguvu ya kwenda nayo kazini kila siku: nimeishi nazo tatu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili, kwa sababu miaka kumi na kitu iliyopita aliyekuwa anauliza hivi ni mimi. Umesema una milioni 28. Unakaa Goba ndani, hapa Dar, kilomita mbili za vumbi ndipo ukutane na lami, kazi iko Posta, una mke na watoto wawili, na kila baada ya miezi mitatu mnapanda Moshi kuwaona wazee. Unataka gari moja tu, yenye nguvu za kweli, na moyo wako uko kwenye Impreza WRX ya gia za mkono. Forester XT, Mark X na Golf GTI umezitaja kama za akiba.

Mimi nakushauri uchukue Forester XT, yaani Subaru Forester yenye turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), lile umbo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007 (SH5), otomatiki, ambayo hakuna mtu aliyeichezea. Nitaeleza nilivyofika hapo, maana nimefika kwa gharama.

Gari yangu ya kwanza yenye nguvu ilikuwa Altezza RS200, gia sita za mkono, niliyoinunua 2014. Injini ya lita mbili isiyo na turbo, nguvu ya farasi 210. Kwenye karatasi inavutia sana, ila mimi sikusoma mstari wa pili wa karatasi hiyo hiyo. Hizo farasi 210 zinapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa kabisa, Nm 216, unakuja kwenye 6,400. Sasa fikiria Mwenge mpaka Morocco saa moja na nusu asubuhi. Siku nzima mshale wa mizunguko unacheza kati ya 1,500 na 3,000, na huko chini ile injini ni ya kawaida kama ya gari yoyote ya lita mbili. Nilikuwa nalipia mafuta, bima na tairi za gari ya michezo, halafu ile michezo yenyewe naiona labda mara mbili kwa mwezi.

Forester XT SH5 ina farasi 230 kwenye mizunguko 5,200, lakini namba ya kuiangalia ni msukumo: Nm 319, na unaupata kwenye 2,800 tu. Hapo ndipo mguu wako unapoishi. Ukigusa mafuta kidogo kutoka kwenye taa, au ukitaka kuingia barabara kuu pale Mlimani, gari inaondoka bila kupiga kelele. Unapolinganisha magari usiishie kwenye farasi, tafuta msukumo mkubwa unakuja kwenye mizunguko mingapi. Kwa mtu wa kila siku, namba hiyo ina maana kuliko nyingine zote.

Na nguvu zenyewe utazihitaji wapi? Mjini mwisho ni 50 na tochi ipo. Kazi yake halisi iko Chalinze kwenda Segera, nyuma ya lori, una familia ndani. Ukienda 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Basi linalokuja mbele nalo likiwa na 80, nafasi kati yenu inapungua mita 44 kila sekunde. Gari ikikuokolea sekunde tatu za kukaa upande usio wako, umeokoa zaidi ya mita 130 za lami. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kupenda gari yenye nguvu, na ndiyo niliyomweleza mke wangu akakubali.

Turudi kwenye Altezza kidogo, kwa sababu WRX unayoitaka itakupa maisha yanayofanana. Tairi zake zilikuwa 215/45R17. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi hiyo hauzidi sentimita 10, na hiyo ndiyo mpira wote ulionao kati ya rimu na shimo. Nilipindisha rimu mbili ndani ya mwaka mmoja. Forester XT inavaa 225/55R17, ubavu wa sentimita 12 na zaidi, na tumbo lake liko juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 20. WRX iko kwenye 15 hivi. Kwenye matuta ya Goba, na ile njia yako ya vumbi ikipigwa na masika, hizo sentimita chache utazihesabu kila siku. Klachi nayo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, miezi miwili ya kwanza ni raha, baada ya hapo goti la kushoto linaanza kusema. Mimi niliiuza baada ya miezi 14, na roho iliniuma.

Sasa niseme habari ambayo wauzaji hawatakuambia kuhusu turbo. Forester yangu ya kwanza, SG5 (umbo la kabla ya SH5), injini iliniishia mikononi mwaka 2017, na kosa lilikuwa langu. Niliinunua mkononi, nikaambiwa oili imemwagwa mpya, nikaamini. Miezi mitatu sikuwahi kuchomoa stiki ya kupimia oili. Safari ya Moshi, tumepita Mombo, nikaanza kusikia mlio wa vyuma chini, kwanza kwa mbali, kisha unafuata mguu wa mafuta. Nilipopaki pembeni na kuchomoa stiki, ilitoka kavu. Injini ilikuwa imeshanoki. Kuvutwa, injini ya mtumba na ufundi vilipita milioni tano, na watoto walimaliza safari kwenye basi na mama yao. Tangu siku hiyo, kila nikijaza mafuta nachomoa stiki. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kungoja, na nanunua mwenyewe.

Turbo inazunguka kwa kuelea juu ya oili, kwa hiyo oili ikipungua au ikichakaa, yenyewe ndiyo inaanza kuumia. Subaru nyingi za turbo zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Oili chafu inakiziba, turbo inakauka, na vumbi la chuma linarudi kwenye injini. Ukinunua, mwambie fundi akifungue akiangalie. Ukitoka safari ndefu, dakika za mwisho kabla ya nyumbani endesha taratibu ili turbo ipoe, na usizime gari ghafla baada ya kuikimbiza.

Joto ni mtihani wa pili. Intakula ya Forester, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, ndiyo maana boneti ina lile tundu. Ukikaa kwenye foleni nusu saa inapata moto, na unapotoka utaona gari nzito kidogo mpaka upepo upite. Hiyo ni kawaida. Kisicho kawaida ni mshale wa joto kupanda. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), usiweke maji ya bomba, na fundi akishafungua rejeta hakikisha ametoa hewa yote kwenye mfumo, kwa sababu injini hizi ambazo silinda zake zimelala ubavu zinashika hewa kirahisi. Gari ikichemka mara moja tu, gasketi ya silinda hedi inaweza kuondoka nayo.

Suala la mafuta watu wengi hawaliulizi kabisa. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia bila injini kugonga. Japani petroli ya kawaida inaanzia oktani 89 na ile ya premiamu inaanzia 96, na mara nyingi inagusa 100. Turbo hizi zimepangwa kwa ile ya juu. Ukiipa mafuta ya oktani ya chini, kompyuta inasikia injini ikigonga na inarudisha nyuma muda wa kuchoma ili isiumie, kwa hiyo farasi zote 230 huzipati, na mafuta yanaenda zaidi. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima, legeza mguu. Na mtu asikudanganye kuongeza presha ya turbo kwa mafuta ya kituo cha jirani, hiyo ndiyo njia fupi ya kutoboa pistoni.

Kwa ulaji, Forester yangu ya sasa (nimekaa nayo tangu 2019) inanipa kilomita 6 mpaka 7 kwa lita mjini, na 10 njia ya Moshi nikiwa mtulivu. Kama hesabu hiyo inakuumiza, bora uijue leo.

Zile nyingine nitapita haraka. Mark X ya lita 2.5, umbo la pili lililoanza 2009, naiheshimu sana. Ina farasi 203, V6, inasukuma kwa nyuma, haina turbo ya kulea, na Toyota waliipanga kwa petroli ya kawaida, kitu ambacho kwetu ni faida kubwa. Spea utazikuta Kariakoo mchana huo huo. Ungekuwa unakaa Mbezi Beach lami mpaka getini, ningekuambia chukua hiyo ulale. Kwa kilomita zako mbili za vumbi, tumbo lake litasugua. Golf GTI ya umbo la sita ndiyo tamu kuliko zote kuendesha, msukumo wa Nm 280 unaanzia mizunguko 1,700. Lakini gia boksi yake ya otomatiki, DSG, inataka oili yake kila kilomita 60,000, kikaza cheni ya taiming kwenye zile za mwanzo kinajulikana kwa kuleta shida, na unahitaji fundi mwenye mashine yake. Kama huna fundi huyo tayari, iache. WRX usiinunue iwe gari pekee ya nyumba, subiri iwe ya pili.

Kuhusu kununua. SH5 zimeshapita miaka 10, kwa hiyo ukiagiza utakutana na tozo ya uchakavu juu ya ushuru mwingine. Fanya hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa hata senti. Kwa bajeti yako naona utafute iliyokwisha sajiliwa hapa nchini, namba D, iliyotunzwa na mtu mmoja, kisha utenge milioni nne pembeni usiziguse.

Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe. Shika boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa. Chomoa stiki. Fungua chupa ya kulanti, kisha iwashwe, uangalie kama kuna mapovu yanayopanda bila kukoma, hiyo ni dalili ya gasketi. Iache iungurume bila kusogea dakika tano, halafu mtu akanyage mafuta nawe ukiwa nyuma: moshi wa bluu maana yake oili inachomwa. Kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole kwenye lami. Ikijivuta kama imeshikwa breki, mfumo wa kusukuma tairi zote nne una tatizo. Mara nyingi chanzo ni mtu kuchanganya tairi mpya mbili na kuukuu mbili. Kwenye Subaru tairi zote nne zinabadilishwa pamoja. Soma na zile tarakimu nne za tarehe kwenye ubavu: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, haijalishi kashata zake zinaonekana nzuri kiasi gani.

Taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu za injini, dai ushahidi kwamba imebadilishwa. Inabadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinaweza kupinda. Bila ushahidi, ihesabu kama haijabadilishwa na uikate kwenye bei, pamoja na pampu ya maji na rola zake.

Ukikuta imefungwa egzosi kubwa na ile valvu ya kupiga "pshh" hewani, ondoka. Hewa hiyo kompyuta imeshaipima, ikitupwa nje injini inapewa mafuta mengi kuliko inavyohitaji, na aliyefunga hicho kwa kawaida hakuishia hapo.

Umesema kuna moja nyeupe umeiona Tabata na mwenye nayo anakuharakisha ulipe Ijumaa. Usilipe Ijumaa. Nenda nayo kwa fundi Jumamosi asubuhi, ipimwe kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa) silinda zote nne, gharama yake ni ndogo mno mbele ya milioni tano zangu. Majibu yakitoka yaweke hapa tuyasome pamoja, hata kama ni usiku nitakuwepo.