Falsafa na vichekesho vya papo kwa papo

Ndugu yangu, umeuliza kama kujiunga na kikundi cha vichekesho vya papo kwa papo (vile vinavyobuniwa jukwaani bila kuandikwa kabla) hapa Bagamoyo kutakuharibia masomo yako ya falsafa. Naona kutakufaa. Jukwaani, mwenzako akisema kwamba jahazi lenu limebeba mbuzi wanaodai warudishiwe nauli, hutakiwi kumpinga bali kulipokea neno lake na kuliongezea, ilhali mwanafalsafa wa kale Socrates wa Athens alilipokea neno la mwenziwe kwa muda tu, kisha akalifuata kwa maswali mpaka likajipinga lenyewe (naye, nakiri, alipenda mzaha). Mazoezini jizoeze kusikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu, jambo linalotushinda sisi tuliosoma falsafa. Nawe wafundishe wenzako kuwauliza mbuzi hao ni nani aliyewaahidi kufika.