Nguo ya mwenye biashara: ghalani, benki na kwa watu

Joto la kaskazi halitazami cheo cha mtu. Toka Mlandege kwa miguu hadi Malindi na koti la suti uone: unafika umelowa, na aliyelowa hapatani bei vizuri. Koti tulishalipa mahali pake hapa Unguja, juu ya kanzu, siku ya ndoa au Baraza la Idd. Siku za kazi tutafute kingine.

Mimi nafungasha viungo, mdalasini, iliki, pilipili manga na manjano, napeleka mahoteli ya Nungwi na Paje. Asubuhi nipo ghalani, saa nne benki, baada ya adhuhuri kwa mteja. Kwa hiyo nguo naipima hivi: nikiinama nayo kupima gunia, nitaweza kukaa nayo mbele ya meneja wa manunuzi bila ya kuficha mikono?

Dera silitoki nalo. Najua linapumua, lakini mteja akikukuta ndani ya dera anahisi kakutoa jikoni. Navaa baibui, na hapo wengi wetu tunajidanganya, eti likishavaliwa basi. Baibui la kazi halitaki mawe wala mikono mipana. Mikono ile huingia kwenye mizani ikachota unga. Mwambie fundi aikaze kwa kifungo, na upindo uishie kwenye kifundo cha mguu, usifagie vichochoro vya Mji Mkongwe wakati wa masika. Mtandio uwe wa pamba. Wa hariri unateleza, na mkono unaoshika kichwa hauandiki risiti.

Wanaume wana urahisi wasioutumia. Shati la pamba la mikono mifupi lenye kola, na suruali ya kadeti, inatosha. Kitani kinapendeza, ila kinakunjika ukiwa bado kwenye daladala. Kaunda suti vijana wanaiona ya wazee. Mimi naona mifuko yake inabeba kalamu, simu na kitabu cha risiti, na haidai tai. Ijumaa kanzu inakupeleka afisi ya serikali na msikitini bila ya kubadilisha, mradi kofia isiwe na mstari wa jasho. Jezi ya Simba au Yanga iacheni barazani, maana nusu ya wateja mtakuwa mmeshawakera kabla hawajauliza bei.

Si lazima vipya. Shati la mtumba la Darajani lililopigwa pasi linalishinda jipya lililokunjamana.

Viatu ndipo penye mambo. Hapa tunavua mlangoni, kwa watu, msikitini, hata kwenye baadhi ya afisi zenye zulia. Vya kamba vitakuchelewesha, na soksi yenye tundu kila mtu ataiona. Mwanamme makubadhi au moka, mwanamke kiatu cha chini kilichofunika vidole. Malapa yabaki uani. Masika usifungie ngozi kabatini, itashika koga. Ipake dawa ya viatu, uiweke penye upepo.

Nyeupe naipenda, lakini si siku ya kusaga manjano. Doa likikupata, sabuni italigeuza jekundu. Usishtuke, suuza tu, kisha anika kwenye jua kali, si kivulini. Linalobaki baada ya kufua, jua ndilo linalolififisha, pengine kwa siku mbili tatu.