Taya kutoruka haina maana neva imekufa, na hiyo shingo msiiguse

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni tabibu kwenye zahanati huku Tandahimba. Nina mzee wa miaka 58, mkulima wa korosho, mwaka jana aliteleza kwenye mkorosho akaanguka, akachubuka tu usoni. Sasa ni kama miezi minne miguu inazidi kukakamaa, vidole vyote vina ganzi, vifungo vya shati anafungwa na mke wake. Refleksi (ule mshtuko wa msuli ukigonga na nyundo) za magoti na mikono zinaruka sana pande zote mbili. Uso uko sawa, anaongea vizuri. Nikamgonga kidevu, taya halikusogea, nimerudia mara tatu. Je neva ya tano, ile ya hisia za uso na misuli ya kutafuna, imekufa? Au ni kiharusi? Kuna mtu wa kunyoosha viungo ameshawaambia ndugu kwamba mshipa wa taya umejifunga, anataka kuufungua kwa kuvuta shingo. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ndo lenye haraka, huyo mtu asimguse mzee. Waite ndugu leo hii uwaambie, alafu urudi tuongee habari ya taya.

Taya kutoruka ni kawaida. Hili swali naletewa mara kwa mara mpaka inaniuma, wanafunzi wodini wananiuliza, matabibu wananipigia simu, na juzi kuna kijana kamgonga baba yake kidevu kwa mpini wa kisu baada ya kuona video kwenye simu, akaja kwangu analia kwamba baba kapooza taya. Shida ni kwamba wote tumeanza na goti, na goti lisiporuka tunaanza kutafuta tatizo, sasa mtu anachukua hesabu ile ile ya goti anaipeleka kwenye taya. Haiendi hivyo. Ukiwagonga kidevu watu wazima wenye afya zao, wengi utaona taya limeshtuka kidogo tu kwenda juu au hutaona kitu kabisa, na wote hao ni wazima. Hiki kipimo tunatafutia kitu kimoja tu, taya linaloruka kupita kiasi. Halijaruka? Basi hujagundua ugonjwa, umegundua taya lililotulia.

Kama kweli unataka kujua habari ya neva ya tano kuna njia zake. Mguse na pamba usoni, paji, shavu, kidevu, kulia na kushoto. Mwambie aume meno ushike misuli ya mashavu uone inakaza sawasawa pande mbili. Mwambie afungue mdomo, taya likienda upande mmoja basi upande huo ndo dhaifu. Hivyo vitatu vikiwa sawa achana na neva ya tano.

Na ukirudia kugonga, gonga vizuri, maana wengi wanagonga meno yakiwa yameumana. Mimi namkalisha mgonjwa namwambia baba achia mdomo, meno yaachane kidogo, taya lining'inie kama la mtu aliyesinzia kwenye basi la Dar. Naweka kidole changu cha shahada kwenye kile kibonde chini ya mdomo wa chini, alafu nagonga KIDOLE CHANGU, sio mfupa wake, nyundo ikishuka kwa uzito wake wenyewe. Likichachamaa utalisikia kwenye kidole kabla hata jicho halijaona, linapiga juu ghafla, na likizidi sana linatetemeka mara kadhaa kabla ya kutulia.

Sasa kwa nini tunahangaika nalo. Ile refleksi taarifa inaingia kwa neva ya tano na amri inatoka kwa neva hiyo hiyo, kituo chao kiko kwenye ponsi, kule kwenye shina la ubongo. Mikono yenyewe inapata amri chini zaidi, baisepsi, msuli wa mbele ya mkono juu ya kiwiko, ni neva za C5 na C6, yani ya tano na ya sita za pale shingoni. Kwa hiyo taya linakusaidia kujua mpaka uko wapi. Chukulia lori limetoka Newala linashuka Mtwara, watu wa Tandahimba wanasema limepita salama, lakini Nanyamba halijaonekana. Hutapanda kulitafuta Newala, utalitafuta hapo kati. Mikono na miguu vimechachamaa na taya limetulia, unaanza kutafuta chini ya ponsi, yani shingoni. Vyote vimechachamaa pamoja na taya, unapanda juu ya ponsi, na ujue ni pande zote mbili za ubongo, kama wale wazee wa presha waliopata kiharusi upande mmoja alafu baadae upande wa pili, wakawa wanapaliwa na maji, wanaongea kama wana kitu mdomoni, wanalia au wanacheka bila sababu. Au ule ugonjwa wa neva za misuli ambapo ulimi unasinyaa na kuchezacheza wenyewe huku taya linaruka. Ila mtu mwenye hofu au mwenye tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi kila kitu kinaruka, taya likiwemo, ndo maana haugongi taya peke yake ukatoa jibu, unalinganisha na mwili mzima.

Taya lililotulia halifuti tatizo la ubongo moja kwa moja, hilo nalo ulijue. Lakini mzee wako ameathirika mikono yote na miguu yote, ila uso wake uko sawa, maongezi yako sawa, na alianguka toka kwenye mti. Hapo mimi nasema shingo kwanza.

Najua huku kwetu miguu ikikakamaa akili inakimbilia konzo, ule ugonjwa wa sumu ya muhogo unaokakamaza miguu, na ni sahihi kuifikiria, mkoa wetu umewahi kuipata kwa sababu ya muhogo mchungu unaokaushwa harakaharaka wakati wa njaa. Ila konzo inakuja ghafla, ndani ya wiki moja imeshafika inapofika, alafu inasimama hapo hapo, na inawapata zaidi watoto na kina mama. Mzee wako anaharibika polepole miezi minne na anaendelea kuharibika. Hiyo sio konzo. Kifua kikuu cha pingili kiweke kichwani, muulize homa za usiku na kukonda.

Sasa nirudi kwa huyu wa kuvuta shingo, maana hapa ndo roho inaniuma. Mtu akianguka, au akibeba mizigo kichwani miaka na miaka, pingili za shingo zinaota vijimfupa na zile sahani za kati zinatokeza kwa nyuma, njia ya uti wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, inakuwa nyembamba, uti wenyewe hauna pa kukimbilia. Ganzi na ule ukakamavu ndo uti unalia kwamba umebanwa. Alafu mtu anakuja anaishika hiyo shingo anaikunja na kuivuta! Niliwahi kupokea fundi ujenzi kutoka Lindi vijijini, miaka 41, alikuwa na ganzi vidoleni tu, mwiko wa kupigia plasta ulikuwa unamponyoka. Akalazwa kwenye mkeka, kanga ikapitishwa chini ya kidevu, mtu akamkanyaga bega akavuta. Ikalia "ka", wote wakafurahi kwamba mfupa umerudi. Ule mlio ni gesi tu kwenye kiungo, hakuna mfupa uliorudi popote. Jioni alikula vizuri, usiku akataka kwenda kukojoa miguu haikuinuka na mkojo haukutoka. Waliniletea asubuhi kwenye Noah, amelazwa juu ya ubao wa mlango. Mpaka leo yuko kwenye kiti cha magurudumu na watoto wake ni wadogo.

Na sio wanaovuta tu. Kuna wale wa mashine za kupima mwili mzima wanaozunguka minadani, unashikishwa kijichuma mkononi dakika moja unapewa karatasi kibao, mishipa imechoka, ini limechoka, na dawa ya laki mbili iko kwenye begi hapo hapo. Kijichuma cha mkononi hakiwezi kuona uti wa shingo, hakiwezi kabisa. Kuna mafuta ya mishipa, kuna kupiga chuku, na niseme ukweli kuna sisi wenyewe wenye makoti meupe, mgonjwa akisema ganzi tunamchoma sindano za vitamini B wiki hadi wiki bila hata kushika nyundo. Miezi inaisha. Uti uliobanwa muda mrefu haurudi kama ulivyokuwa, upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia usiharibike zaidi, kwa hiyo kila mwezi unaopotea kwenye mafuta na sindano mzee anaulipia kwa miguu yake. Mtu akikosa kubangua korosho kwa sababu vidole havishiki, hiyo peke yake inatosha kumpima refleksi siku hiyo hiyo.

Fanya hivi. Leo mpime kwa kufyatua kucha ya kidole cha kati, angalia kama gumba linakunja lenyewe. Kwaruza unyayo uone kidole gumba cha mguu kinapanda. Muulize kama akiinamisha kichwa anasikia shoti inashuka mgongoni, na muulize mkojo. Asibebe kitu kichwani tena, asikandwe shingo na mtu yeyote hata mtoto wake. Mpe rufaa kupitia hospitali ya wilaya kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara, ili apangiwe picha ya MRI ya shingo, akitakiwa kupasuliwa atapelekwa mbele, na asisafiri kwa bodaboda, apate gari alale chali shingo imetulizwa kwa kola, au hata taulo lililokunjwa. Mkojo ukianza kukataa usisubiri gari la kesho.

Kwenye barua usiandike neva ya tano imekufa. Andika refleksi za mikono na miguu zimechachamaa pande zote, taya halijachachamaa, hisia za uso ziko sawa. Daktari atakayeipokea akisoma mstari huo atajua aanze na shingo.