Mshahara mmoja

Dada, umeuliza mtaishije kwa mshahara wa shemeji peke yake baada ya kazi yako kuisha. Anzeni na kodi. Hapa Dar wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na hapo ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Kodi hiyo igaweni kwa sita, na mshahara ukiingia fungu hilo litoke kwanza, kabla hata ya umeme wa LUKU. Mchele na unga nunueni wa mwezi. Mafuta ya kupima na sukari ya robo dukani kwa Mangi vinamaliza hela kimyakimya. Halafu mkae mpange pamoja. Ile elfu kumi anayokuachia mezani kila asubuhi haikuruhusu kununua chochote kwa jumla.