Virusi vimetumwa kwa jina langu, na mimi sikutuma

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mzee wa Majengo, nafuga njiwa. Tuko kama watu 60 hivi, Mombasa, Malindi, Lamu mpaka Unguja, twaandikiana imeli za njiwa, ukituma moja yafika kwa wote. Mwanzo nililaumiwa kwa kuandika herufi kubwa nyekundu, macho yangu hayaoni vizuri, na kwa kuweka mapicha. Sasa wiki jana imewafikia imeli yenye jina langu na faili la "bei za njiwa", mmoja akafungua kompyuta yake ikaharibika. Wallahi sikutuma. Kijana wa saiba amepitisha antivairasi kwa laptopu yangu hakuona kitu. Nifanyeje wanisadiki?

Jibu: Waaleikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Nianze na virusi maana hilo ndilo la haraka, herufi nyekundu tutazirudia.

Jina linalotokea juu ya imeli ni kama jina la nyuma ya bahasha, yeyote aweza kuandika lako na barua ikafika. Mara nyingi huwa mmoja wenu mashine yake ilishaingiliwa, virusi vikabeba anwani zote 60 vikaanza kutuma kwa jina la mtu anayeandika sana, na wewe kwa njiwa naona hunyamazi. Mwombe aliyepokea aangalie anwani yenyewe, herufi kwa herufi, si jina. Ikiwa si yako, umetoka. Ikiwa ni yako bado si ushahidi, hata anwani hubandikwa, lakini hapo usilale: huenda mtu ana paswadi yako anaingia akiwa kwake huko, na antivairasi haitaona kitu kwa sababu mwizi hajaigusa laptopu. Pitia imeli zilizotumwa, angalia kama kuna anwani ngeni inayofowadiwa barua zako, badilisha paswadi na uweke uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuthibitisha kwa simu kuwa ni wewe unayeingia.

Halafu lile faili, mwisho wa jina lake, zile herufi za baada ya nukta ya mwisho, ulikuwa nini? Kuna mama aliniletea laptopu dukani, faili limeandikwa "risiti.pdf" na kialama chake cha PDF kiko sawasawa, nikawasha setingi ya Windows ya kuonyesha miisho ya mafaili, likawa "risiti.pdf.exe". Hiyo exe ni programu, si karatasi. Ujanja wenyewe mkongwe: Mei 2000 kulitoka virusi Ufilipino kwa faili la LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ikaficha ile vbs ya mwisho, nayo pia ni programu, watu wakaona TXT wakafungua, na virusi vikijituma kwa kila mtu aliye kwenye kitabu cha anwani cha Outlook, programu ya imeli ya Microsoft. Yaani ilikujia kutoka kwa rafiki yako kweli. Na ukiona faili la zip, yaani furushi la mafaili, lenye paswadi, na hiyo paswadi imeandikwa humo humo kwenye imeli, futa tu, wamelifunga ili antivairasi isione ndani.

Sasa herufi. Wenzio wana haki kidogo, mzee wangu. Ukikuza herufi kwenye barua umewakuzia watu 60, wakati macho ni yako peke yako. Kuza skrini yako, shika Ctrl na alama ya kujumlisha, zikue upendavyo. Andikeni maandishi matupu, bila rangi wala mapambo. Si adabu peke yake, kwenye maandishi matupu linki huonekana inakokwenda, lakini kwenye yale ya mapambo mtu aandika anwani ya benki juu, chini yake kaficha nyingine. Picha ya MB 4 ikisafiri kwa imeli huongezeka kama theluthi, mara watu 60, hapo umekula zaidi ya MB 300 za bando za watu kwa njiwa mmoja! Ipunguze mpaka KB 300, jicho la njiwa bado litaonekana. Na ukijibu, kata barua ya zamani ubakishe mistari miwili unayoijibu, na "mashaallah" mpelekee mwenye njiwa pekee.

Kwa kikundi andika mistari mitatu: faili sikutuma, msifungue, futeni. Usiwafowadie zile tahadhari za "virusi vipya, mjulishe kila mtu". Mwaka 2002 kulizunguka moja ikiambia watu watafute faili la jdbgmgr.exe lenye kipicha cha dubu walifute, na lilikuwa faili halali la Windows, wakajifutia wenyewe.

Yule aliyefungua mwambie atoe mashine kwenye intaneti leo hii, paswadi zake abadilishe kwa kifaa kingine, si hiyo, na asiingie benki kwayo mpaka Windows iwekwe upya.