Miaka 41, spidi imekwenda wapi?

SWALI: Assalam alaykum kocha. Mie niko Wete, n'na miaka 41. Zamani skuli nlikuwa nakimbia mita 100 na hakuna alonipita. Juzi mwanangu wa kidato cha pili kanambia baba twende pwani tushindane, basi nikavua makubadhi nikatoka nduki, hatua kama ishirini tu nikasikia paa! nyuma ya paja, nikarudi nyumbani nachechemea. Na kila asubuhi nakimbia kilomita tano taratibu na kikundi cha mazoezi. Umri ndo ushanimaliza?
Baba watatu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, pole sana na paja. Umri upo sikufichi, lakini kubwa zaidi ni kwamba miaka yote hiyo hujakimbia kwa kasi hata siku moja, halafu ukautaka mwili utoe kila kitu kwa mpigo, tena hujaupasha moto.

Zile kilomita tano usiziache, zinafaa moyo na pumzi, ila spidi hazileti. Misuli ina nyuzi za polepole zinazostahmili masafa na nyuzi za haraka ndo zinazokurusha kwenye mbio fupi, na umri unaanza na hizi za haraka, zinasinyaa kuliko zile nyengine, hasa zisipotumiwa, na ukijogi tu zimelala.

Kweli wengi hufika kileleni kwenye miaka ya ishirini na kitu, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin 2009 ana miaka 22. Lakini Muingereza Linford Christie kachukua dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo hizo 1992 ana miaka 32, na anonishangaza mie zaidi ni Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis, 2016 kakimbia 9.93 ana miaka 40, na ndo taimu bora ya maisha yake yote! Huyo lakini alikuwa kazini, hakukaa miaka ishirini akaamka siku moja.

Paja likishapona (kama limevilia damu au huwezi kutembea sawasawa nenda hospitali kwanza), maji yakitoka shuka pwani, kwenye ule mchanga mgumu pima mita 30, kimbia, rudi uhesabu nyayo zako, zikiwa nyingi ujue hatua zako fupi. Umri ukenda wepesi wa kubadilisha miguu haupungui sana, kinachopungua ni urefu wa hatua, na mguu unakawia chini kwa sababu nguvu ya kuisukuma ardhi imekwisha. Nguvu hiyo inarudi, si yote lakini nyingi. Chuchumaa na kunyanyuka umebeba kidumu cha maji, na fanya mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja, hiyo ndo ilokuangusha. Kisha mara mbili kwa wiki panda kilima kwa kasi sekunde sita tu, mara tano au sita, kila moja pumzika dakika mbili tatu mpaka pumzi irudi yote, ukifupisha mapumziko unarudi kulekule kwenye kujogi. Wapemba mmejaaliwa vilima, sie huku Unguja tunavitafuta, na kilimani msuli hauvutiki sana kama kwenye tambarare. Kabla ya yote pasha mwili dakika kumi na tano.

Mwanao nenda nae, yeye spidi yake ndo kwanza inapanda. Baada ya miezi mitatu zihesabuni tena nyayo palepale, mutwandikie.