Chatu wako mlishe humo humo bandani, usimtoe

Mkuu umeuliza kama umhamishie chatu kwenye ndoo kila siku ya kula, maana jamaa kakwambia ukimlishia bandani atazoea kwamba mlango ukifunguka ni msosi na ipo siku atakung'ata. Hiyo stori hapa Arusha naisikia sana. Mimi nafuga chatu, kibali ninacho (kama huna anzia kwa watu wa wanyamapori kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi), na nakwambia mlishie ndani.

Nyoka hachangamkii mlango, anachangamkia harufu na joto. Chatu ana vishimo kwenye midomo vya kuhisi joto, sasa kashanusa panya, ana njaa, halafu unapeleka mkono wenye joto lako ili umbebe, hapo panya ni wewe. Akishakula ndo mbaya zaidi, bado ana mzuka wa kukamata, tumbo limejaa, ukimnyanyua kumrudisha anaweza kutapika, na nyoka akitapika anadhoofika vibaya. Mwache siku 2 au 3 bila kumshika.

Cha kumtofautishia siku ya kula na siku ya kushikwa ni fimbo yenye ndoano. Siku isiyo ya kula, kabla sijaingiza mkono namgusa nayo taratibu katikati ya mwili, akilegea na ulimi ukatoka polepole namshika, ila shingo ikijikunja kama herufi S na kichwa kinaifuata fimbo nafunga mlango naondoka. Siku ya kula fimbo haimgusi, panya anaingia kwa koleo refu, basi. Na mikono nanawa kwa sabuni kabla na baada, harufu ya panya vidoleni ndo inang'atisha watu wengi.

Panya awe ameshakufa. Kuna chatu nimemuona Moshi panya hai kamtafuna pembeni ya jicho, kidonda kibaya mno, inauma kuangalia. Unene wa panya usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka, wa friza ayeyuke mpaka ndani halafu umtie joto kwenye maji ya moto. Wa mtaani achana nao kabisa, huwezi kujua nani kala sumu. Kama chini umetandika maranda weka gazeti au sahani pana asije akayameza.

Kutenganisha nakubali pale tu nyoka wawili wanapokaa banda moja, maana wataumana kugombea panya, ila hapo dawa ni kila mmoja awe na banda lake. Na akifika mita 2 na nusu hivi usimlishe peke yako, awepo mtu mzima mwingine.

Halafu Juni na Julai baridi ya huku unaijua, bila joto chakula kinaozea tumboni, kwa hiyo pima kwanza upande wa joto wa banda uwe nyuzi 30 mpaka 32 za Selsiasi, umeme ukisumbua sogeza siku ya kulisha mbele, chatu mzima mwenye afya kukaa wiki mbili tatu bila kula hana shida.